Darubini Yenye Kamera au Vifaa Viwili Tofauti? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Hifadhini

Na Mwandishi Wetu

Idadi ya Watanzania wanaofunga safari kwenda kujionea vivutio vya nchi yao imekuwa ikiongezeka. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma kuanzia mwezi uliofuata, imeifanya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kuwa safari ya mwisho wa wiki kwa familia nyingi. Shule, vikundi vya kuweka akiba, jumuiya za dini na wafanyakazi wa taasisi mbalimbali nao wamekuwa wakipanga ziara za pamoja.

Katika maandalizi hayo, swali moja hujitokeza mara kwa mara: mgeni abebe kifaa gani cha kumsaidia kuwaona wanyama na kuhifadhi kumbukumbu ya alichokiona? Madukani na mitandaoni vinauzwa vifaa vinavyounganisha darubini na kamera katika umbo moja, na wauzaji huvitangaza kuwa ni jibu la mahitaji yote mawili. Wapo pia wanaoshauri kununua darubini ya kawaida na kutumia kamera au simu kando yake.

Kwa mgeni wa kawaida, anayekwenda hifadhini mara chache kwa mwaka, jibu linaloendana na kipato na matumizi ni kuvitenga vifaa hivyo: darubini nzuri ya kawaida kwa ajili ya kuona, na simu au kamera kwa ajili ya picha. Kifaa cha pamoja kina nafasi yake, lakini ni kwa kazi maalumu. Makala haya yanaeleza sababu za jibu hilo, namna ya kuchagua kifaa dukani na kanuni za kuzingatia pindi kinapotumika hifadhini.

Umbali ni suala la uhifadhi

Mgeni asiye na kifaa cha kumsogezea taswira ya mnyama humwomba dereva amsogezee gari. Ombi hilo, likitolewa na abiria wa magari kumi kwa wakati mmoja, huleta madhara. Duma huwinda zaidi mchana na hutegemea kumnyemelea swala kabla ya kutimua mbio. Akizungukwa na magari, windo humtoroka na watoto wake hulala na njaa. Katika vivuko vya Mto Mara, kaskazini mwa Serengeti, nyumbu wanaojikusanya kabla ya kuvuka hurudi nyuma wanapokuta njia yao imezibwa. Gari linaloacha barabara ili kumfikia simba aliyelala chini ya mti huharibu majani na udongo, na huwafungulia wengine njia ya kufanya vivyo hivyo.

Kwa sababu hizo, kanuni za hifadhi za taifa zinamtaka mgeni abaki ndani ya gari isipokuwa katika maeneo yaliyotengwa, na zinamzuia dereva kuacha barabara zilizoruhusiwa. Katika Hifadhi ya Mahale, ambako sokwemtu hutazamwa kwa miguu, mgeni hutakiwa kukaa umbali wa mita 10 na kuvaa barakoa, kwa kuwa magonjwa ya mfumo wa hewa ya binadamu yanaweza kuwaambukiza sokwe na kuwaua.

Darubini hutatua tatizo hilo bila gari kuongeza hata hatua moja. Tembo aliye umbali wa mita 200, akitazamwa kwa darubini inayokuza mara 8, huonekana kana kwamba yuko mita 25. Simba aliye umbali wa mita 100 huonekana kana kwamba yuko mita 12 na nusu. Ndani ya Kreta ya Ngorongoro, yenye sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260, faru weusi mara nyingi huonekana wakiwa mbali na barabara. Asiye na darubini huambiwa kuwa kile kitu cheusi pale ni faru, akaamini bila kumwona. Kwa hiyo darubini haipaswi kuhesabiwa kuwa anasa ya wageni kutoka ng'ambo. Ni nyenzo inayompa mwananchi thamani ya safari aliyoilipia huku ikimwacha mnyama katika amani yake.

Maana ya namba zilizoandikwa kwenye darubini

Kila darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42 au 10x42. Namba ya kwanza ni mara ambazo taswira hukuzwa. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani ukubwa wa dirisha linaloingiza mwanga.

Wanunuzi wengi hudhani kuwa namba ya kwanza ikiwa kubwa, darubini ni bora zaidi. Dhana hiyo si sahihi. Kadiri taswira inavyokuzwa ndivyo mtikisiko wa mkono unavyokuzwa nao, na eneo linaloonekana kwa mara moja hupungua. Darubini nyingi zinazokuza mara 8 huonyesha eneo lenye upana wa karibu mita 130 kwa umbali wa mita 1,000. Zinazokuza mara 10 huonyesha karibu mita 110. Tofauti hiyo huhisiwa na anayejaribu kumfuata ndege arukaye au swala akimbiaye. Zaidi ya mara 10, watu wengi huhitaji kuegemeza mikono au kutumia stendi ya miguu mitatu.

Namba ya pili huwa muhimu wakati wa alfajiri na jioni, saa ambazo wanyama wengi huwa kwenye pilika zao. Ukigawanya namba ya pili kwa ya kwanza, unapata kipenyo cha duara la mwanga linaloingia jichoni. Darubini ya 8x42 hutoa duara la milimita 5.25, ya 10x42 hutoa milimita 4.2, na ndogo ya mfukoni ya 10x25 hutoa milimita 2.5 tu. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujifunga hadi milimita 2 au 3, hivyo tofauti kati ya darubini hizo haionekani sana. Giza linapoanza kuingia mboni hufunguka zaidi, na hapo mwenye darubini ya mfukoni huona kivuli ilhali mwenye 8x42 bado anaona madoa ya chui.

Kwa mizania hiyo, 8x42 hupendekezwa kwa matumizi ya jumla hifadhini, na 8x32 kwa anayetaka kifaa chepesi zaidi. Anayevaa miwani anapaswa kuchagua darubini inayomwezesha kuona eneo lote akiwa ameivaa. Kwa kawaida hiyo ni ile ambayo maelezo yake yanataja umbali wa jicho wa milimita 15 au zaidi.

Jinsi kifaa cha pamoja kinavyofanya kazi

Ugumu wa kuunganisha darubini na kamera unatokana na tofauti ya kazi zenyewe. Darubini huandaa mwanga ili jicho la mtu lilenge taswira. Kamera hutaka taswira hiyo itue juu ya kibao kidogo kinachohisi mwanga, kiitwacho kihisi cha picha. Watengenezaji wamelishughulikia jambo hilo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza, na ya zamani zaidi, ni kuweka kamera ndogo yenye lenzi yake katikati ya mabomba mawili ya darubini. Katika vifaa vya bei nafuu vya aina hii, jicho huona kupitia vioo vya darubini na picha hupigwa na kamera iliyo pembeni yake. Matokeo yake ni kwamba kilichoonekana na kilichopigwa picha si lazima viwe sawa. Mtumiaji anaweza kumwona mnyama kwa uangavu mkubwa, kisha akakuta picha yenye ukungu kwa kuwa lenzi ya kamera haikurekebishwa pamoja na ile ya darubini.

Njia ya pili ni kuondoa kabisa taswira ya moja kwa moja na kuweka skrini ndogo ndani ya kifaa, ambapo mtumiaji huangalia kile kinachopokelewa na kihisi. Kampuni ya Sony ilitangaza darubini za namna hiyo, DEV-3 na DEV-5, mwaka 2011, na kufuatiwa na DEV-50V mwaka 2013. Zilirekodi video na zilirekebisha taswira zenyewe. Kampuni ya Canon nayo ilitoa mwaka 2020 kifaa kidogo cha jicho moja kiitwacho PowerShot Zoom, chenye uzito wa gramu 145 na bei ya takribani dola 300 za Marekani kilipoingia sokoni. Faida ya njia hii ni kwamba anachokiona mtumiaji ndicho kinachorekodiwa. Hasara yake ni kwamba betri ikiisha, mtumiaji haoni kitu.

Njia ya tatu imekuja karibuni. Mwezi Januari 2024 kampuni ya Swarovski Optik ya Austria ilizindua AX Visio, darubini ya 10x32 yenye kamera ya megapikseli 13 na kompyuta ndani yake inayoweza kutambua zaidi ya spishi 9,000 za ndege na wanyama wengine. Jicho huona kupitia vioo vya kawaida, na jina la ndege huonyeshwa ndani ya taswira hiyohiyo. Betri ikizimika, darubini huendelea kutumika. Hata hivyo, kifaa hicho kina uzito wa zaidi ya kilo moja, na kilipozinduliwa kiliuzwa takribani dola 4,800, yaani zaidi ya shilingi milioni 11.

Palipo na faida na palipo na hasara

Faida kubwa ya kifaa cha pamoja ni wakati. Mwenye vifaa viwili hulazimika kushusha darubini, kuinua kamera na kumtafuta mnyama upya. Kwa simba aliyelala hilo halina uzito. Kwa tai anayeshuka kunyakua samaki ziwani, sekunde hizo ndizo tukio lenyewe. Mwenye kifaa cha pamoja hubonyeza kitufe bila kuondoa macho.

Faida nyingine ni kupungua kwa mizigo na urahisi wa kutumia kwa mtu asiye na ujuzi wa upigaji picha.

Hasara huanzia kwenye ubora wa picha. Kihisi cha PowerShot Zoom, kwa mfano, kina eneo la milimita za mraba zipatazo 17. Kihisi cha kamera ndogo nzuri, kile kinachojulikana kwa jina la inchi moja, kina eneo la milimita za mraba zipatazo 116, karibu mara saba ya hicho. Kamera kubwa za wapigapicha weledi zina kihisi cha milimita za mraba 864. Kihisi kidogo hupokea mwanga kidogo, hivyo picha za alfajiri na jioni hujaa chengachenga. Idadi kubwa ya megapikseli inayoandikwa kwenye boksi haiondoi udhaifu huo.

Hasara ya pili ni utegemezi wa betri. Safari ya siku nzima hifadhini huweza kuchukua saa kumi au zaidi, na katika kambi nyingi umeme hutoka kwenye jenereta au sola kwa saa maalumu.

Tatu ni uhai wa kifaa. Darubini ya kawaida iliyotunzwa vizuri huweza kutumika kwa miongo kadhaa na kurithiwa, kwa kuwa ndani yake hakuna kinachozeeka kwa haraka. Kifaa chenye kamera hutegemea betri ya aina yake na programu ya simu. Mtengenezaji akiacha kuvihudumia, kifaa hubaki pambo. Kamera pia huboreshwa kila baada ya miaka michache, ilhali vioo vizuri havipitwi na wakati. Aliyevitenga vifaa hubadilisha kamera na kubaki na darubini yake.

Nne, na hili ndilo linalowagusa zaidi Watanzania, ni matumizi ya pamoja. Familia ya watu watano ndani ya gari moja, ikiwa na kifaa kimoja chenye kazi zote, humfanya mtu mmoja aone na apige picha wakati wanne wakisubiri. Ikiwa na darubini moja na simu mbili, mama anaweza kuwa anamtazama twiga huku mtoto akipiga picha, kisha wakabadilishana.

Ikumbukwe pia kwamba vifaa vingi vya pamoja vya bei nafuu hutangazwa kwa uwezo wa kuona gizani kwa mwanga wa infraredi. Katika hifadhi za taifa, wageni hutakiwa kuwa nje ya hifadhi au kambini baada ya giza kuingia, isipokuwa kwa ziara za usiku zenye kibali na msimamizi. Anayelipia uwezo huo huenda asipate nafasi ya kuutumia.

Kamera ipi iambatane na darubini

Simu ya mkononi ndiyo kamera ambayo wananchi wengi tayari wanayo. Kwa mandhari, makundi makubwa ya nyumbu na picha za familia, simu inatosha. Udhaifu wake huonekana kwa mnyama mmoja aliye mbali. Lenzi kuu ya simu nyingi, kwa umbali wa mita 50, huchukua eneo lenye upana wa karibu mita 70. Simba ndani ya picha hiyo ni kijidoa. Lenzi ya milimita 400 kwenye kamera yenye kihisi kikubwa huchukua mita 4 na nusu kwa umbali huohuo, na simba hujaza nusu ya picha.

Kukuza kwa vidole kwenye skrini ya simu hakuleti taarifa mpya pindi uwezo wa lenzi unapofikia mwisho. Picha hukatwa na kutanuliwa tu. Njia ya kati, isiyo na gharama kubwa, ni kuegemeza lenzi ya simu kwenye jicho la darubini. Vipo vishikizi vya plastiki au chuma vinavyoifunga simu mahali pake. Picha zake huwa na duara jeusi pembeni na hazitafikia za kamera, lakini zinatosha kwa kumbukumbu na kwa kutambua aina ya ndege. Kwa njia hiyo mwananchi hupata kifaa cha pamoja kutokana na vitu viwili alivyonavyo, na huvitenganisha anapotaka.

Anayetaka picha bora bila kubeba lenzi nyingi anaweza kufikiria kamera yenye lenzi ndefu isiyobadilishwa. Nikon Coolpix P900, iliyotolewa mwaka 2015, hukuza mara 83, na Coolpix P1000 ya mwaka 2018 hukuza mara 125, ingawa uzito wake wa pili unapita kilo 1.4 na vihisi vyao ni vidogo. Sony RX10 IV ya mwaka 2017 hukuza mara 25 pekee, lakini kihisi chake cha inchi moja hutoa picha safi zaidi penye mwanga hafifu.

Kwa kamera au darubini yoyote, mtikisiko hupunguzwa kwa kuzima injini ya gari na kuegemeza kifaa juu ya kifuko cha kitambaa kilichojazwa mchele au maharage na kuwekwa dirishani. Vilevile, saa za adhuhuri hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini huifanya taswira ya mbali kumeremeta na kupinda. Hakuna kifaa, hata cha mamilioni, kinachoweza kuondoa hali hiyo; tiba yake ni kutoka mapema asubuhi.

Nani anunue nini

Familia inayokwenda hifadhini mara moja au mbili kwa mwaka inashauriwa kuwa na darubini moja ya 8x42 au 8x32 ya bei ya kati na simu zilizopo. Kabla ya kununua, ni vyema kuiuliza kampuni inayotoa gari, kwa kuwa baadhi yake huweka darubini ndani ya magari kwa matumizi ya wageni.

Shule na klabu za Malihai, ambazo zimekuwa zikiwafundisha wanafunzi uhifadhi tangu mwaka 1980, zinanufaika zaidi na darubini tatu au nne za bei ya chini zinazopokezanwa kuliko kifaa kimoja cha gharama. Mwanafunzi aliyeshika darubini kwa dakika mbili hukumbuka alichokiona kuliko aliyeonyeshwa picha baadaye.

Wapenzi wa ndege, katika nchi yenye zaidi ya spishi 1,100 za ndege, wanahitaji vioo bora kuliko kitu kingine chochote. Wachache wenye uwezo wanaweza kunufaika na kifaa kinachotambua spishi, ingawa kitabu cha ndege na mwongozaji mzoefu bado ni walimu wa kuaminika.

Waongoza watalii ni kundi ambalo kifaa cha pamoja kinaweza kulifaa. Mwongozaji hutazama siku nzima, na anapoona tukio hana nafasi ya kubadilisha vifaa huku akiendesha mazungumzo na wageni. Picha au video fupi humsaidia kuwaonyesha alichokiona kabla mnyama hajatoweka.

Kundi jingine ni askari wa wanyamapori wa vijiji, watafiti na wananchi wanaoshirikiana nao. Tembo mmoja hutofautishwa na mwingine kwa michaniko ya masikio na umbo la pembe zake. Twiga kwa mpangilio wa mabaka. Simba kwa safu za madoa yaliyo penye mizizi ya sharubu. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambako tembo huingia mashambani, picha iliyopigwa kutoka umbali salama inaweza kuonyesha kama kundi lililorudi ni lilelile la juma lililopita. Hapa kifaa kinachoona na kurekodi kwa pamoja kinaokoa muda na kumweka askari mbali na hatari. Ubora wa wastani wa picha hautakuwa kikwazo, kwa kuwa kinachotakiwa ni ushahidi unaosomeka.

Tahadhari wakati wa kununua

Soko la darubini lina bidhaa bandia nyingi. Dalili iliyo wazi ni namba zisizowezekana: darubini ndogo ya kushika mkononi inayodai kukuza mara 100 au zaidi haisemi ukweli. Kifaa cha pamoja kinachodai megapikseli nyingi kwa bei ya chini sana nacho kitiliwe shaka.

Mnunuzi anashauriwa kutoka nje ya duka na kutazama bango lililo mbali. Herufi zisomeke hadi karibu na kingo za taswira. Macho mawili yaone duara moja. Anayeona mawili, au anayehisi macho kuvutwa, ameshika darubini ambayo mabomba yake hayakulingana, na itamletea maumivu ya kichwa. Gurudumu la katikati lizunguke kwa ulaini. Jicho la kulia la darubini huwa na marekebisho yake kwa ajili ya tofauti ya macho ya mtumiaji, yajaribiwe. Kwa kifaa chenye kamera, mnunuzi apige picha kivulini, aihamishe kwenye simu na kuikagua akiwa bado dukani, na aulize kama betri ya akiba inapatikana nchini. Ni marufuku kuelekeza darubini au kamera kwenye jua, kwani jicho linaweza kupofuka papo hapo.

Aidha, mnunuzi ana wajibu wa kudai risiti ya kielektroniki yenye kiasi halisi alicholipa. Risiti hiyo ni kodi ya maendeleo na ni kinga yake mwenyewe, kwa kuwa bila hiyo ni vigumu kudai haki ya kurejesha bidhaa mbovu. Aliyeuziwa bidhaa anayoamini kuwa ni bandia anaweza kutoa taarifa kwa Tume ya Ushindani (FCC), yenye jukumu la kumlinda mlaji na kudhibiti bidhaa bandia.

Wajibu wa mwenye kifaa hifadhini

Kuwa na kifaa kizuri hakumpi mtu haki ya kusogea zaidi. Mgeni anapaswa kuzima mwanga wa kamera anapowapiga picha sokwe au wanyama wa usiku, na kupunguza sauti za simu. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi kurushwa hifadhini bila vibali vya mamlaka husika. Upigaji wa picha na filamu kwa ajili ya biashara nao una utaratibu wake wa vibali, tofauti na picha za kumbukumbu ya familia.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni taarifa ya mahali inayojificha ndani ya picha. Simu nyingi na baadhi ya kamera huandika lokesheni ya kila picha. Picha ya faru inayosambazwa mtandaoni ikiwa na lokesheni yake inaweza kuwa ramani mikononi mwa jangili. Mgeni anashauriwa kuzima lokesheni kwenye kamera ya simu kabla ya kuingia hifadhini, na kutotaja mahali hasa alipomwona faru.

Mwananchi atakayejiuliza kwanza kama anakwenda kuona au kurekodi, atakayenunua kwa kadiri ya kazi hiyo na kudai risiti yake, atakuwa ametumia fedha zake kwa busara. Akiwa na darubini shingoni, ataweza kumwambia dereva azime injini palepale barabarani, na kumtazama chui kwa utulivu hadi mnyama huyo atakapoamua mwenyewe kuondoka.